Darasa la jioni la Kiingereza huko Kirumba: wiki sita na maneno mawili, “each other”

Alfajiri moja mitumbwi miwili iligongana karibu na mwalo wa Kirumba. Mmoja ulipasuka ubavuni, na mimi, karani wa ofisi ndogo inayonunua na kusafirisha mabondo ya sangara, yaani vifuko vya hewa vya samaki huyo, nikatakiwa kuandika ripoti ya Kiingereza kwa watu wa bima, kwa kuwa mkataba wetu nao umeandikwa kwa lugha hiyo. Niliandika hivi: “The two boats hit themselves near the landing site.” Niliisoma mara mbili, nikaridhika, nikaituma. Siku ya tatu likaja jibu la adabu kabisa, likiuliza kila mtumbwi ulikuwa umejigonga kwenye nini, na kama ni kwenye mwamba, basi tuwaonyeshe mwamba huo ulipo. Anayeifahamu Mwanza, ambako mawe yameanzia vilimani yakashuka mpaka ndani ya ziwa, atakubali kwamba swali hilo halikuwa la kejeli. Barua zilikwenda na kurudi kwa karibu mwezi mzima, na fedha za kutengeneza mtumbwi zikachelewa kwa muda huohuo, yote hayo kwa sababu ya neno moja lililokalia mahali pa maneno mawili.

Mwajiri wangu hakunikaripia. Alinipa shilingi 80,000 na kunielekeza kwenye darasa la jioni ambalo mpwa wake alikuwa amelimaliza. Tathmini hii inahusu darasa hilo, na hasa sehemu yake moja, yaani viwakilishi vya kutendeana, “each other” na mwenzake “one another”, ambayo ndiyo iliyonipeleka pale na ndiyo ninayoweza kuizungumzia kwa uhakika. Sitalitaja jina, kwa sababu nina lawama mbili za kulitupia, na mwalimu wake ni mtu ninayekutana naye sokoni kila Jumamosi.

Darasa liko ghorofani, mwendo wa dakika chache kutoka uwanja wa mpira wa Kirumba. Masomo ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, kwa wiki sita, na ada hiyo ya shilingi 80,000 inajumuisha kijitabu cha kurudufu. Tulikuwa thelathini na mmoja: wahudumu wa hoteli, muuguzi, dereva wa bodaboda anayebeba wageni, vijana wawili wanaowapeleka watalii kisiwani Saanane, na mzee mmoja mstaafu aliyejieleza siku ya kwanza kwamba amekuja ili aelewane na mjukuu wake anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mwalimu alimwita Baba tangu siku hiyo, nasi tukafuata, na hakuna aliyekaa kwenye benchi kabla ya kumwamkia.

Wiki mbili za kwanza zilihusu nyakati za vitenzi, nazo zilifundishwa kama zinavyofundishwa kila mahali. Ni wiki ya tatu iliyonifanya niandike tathmini hii. Mwalimu aliingia bila kufungua kijitabu, akaandika ubaoni vitenzi tisa vya Kiswahili: kupendana, kusaidiana, kusalimiana, kugombana, kuandikiana, kutazamana, kupishana, kungojana na kufuatana. Akauliza vinafanana wapi. Muuguzi akajibu kwamba vyote vinaishia na “-ana”. Mwalimu akapigia mstari herufi hizo katika kila neno, akageuka, akasema: “Hii mnayo tangu mlipoanza kuongea. Kiingereza hakina. Mwingereza akiitaka, inambidi ainunue dukani kwa maneno mawili, kisha aiweke nje ya kitenzi.”

Nimesoma Kiingereza tangu shule ya msingi, na hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo. Tulikuwa tukikaririshwa kwamba “each other” maana yake ni “kila mmoja na mwenzake”, tafsiri ambayo si ya uongo, lakini humfanya mwanafunzi atafute mahali pa kuweka “kila” katika sentensi, wakati Kiswahili chenyewe hakihitaji “kila” wala “mwenzake” ili kusema kwamba watu wanapendana. Kauli ya kutendana imo ndani ya kitenzi, kama mbegu ndani ya embe. Mtu akishaelewa kwamba “each other” ni ile “-ana” iliyotolewa nje na kusimamishwa peke yake, maswali mengi hujijibu.

Mfano aliouchambua kwa urefu ulikuwa “waliandikiana”. Aliukata vipande ubaoni: “wa” ni “they”, “li” ni wakati uliopita, “andik” ni “write”, halafu akasimama kwenye ile “i” ndogo ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona kuwa ni kitu. Hiyo, alisema, ndiyo “to”. Kisha “an” ndiyo “each other”. Neno moja la Kiswahili likawa maneno matano ya Kiingereza, “They wrote to each other”, na kila kipande kikawa na chake upande wa pili. Nilitazama ubao ule kwa muda mrefu. Ikiwa kuna saa moja iliyostahili ile elfu themanini yote, ni saa hiyo.

Kutoka hapo tulielewa kosa ambalo nusu ya darasa ilikuwa ikilifanya, la kusahau kihusishi. Tukiambiwa tutafsiri “wanasikilizana”, tuliandika “They listen each other”, kwa sababu katika Kiswahili hakuna kitu kinachosimama kati ya kusikiliza na kutendana. Lakini kitenzi cha Kiingereza hakiachi kihusishi chake nyumbani eti kwa sababu anayefuata ni “each other”: anayesema “listen to me” atasema “listen to each other”, anayesema “look at him” atasema “look at each other”, na anayesema “depend on us” atasema “depend on each other”. Kwa upande mwingine, “trust”, “help” na “greet” havina kihusishi, kwa hiyo wanaoaminiana ni “They trust each other” basi. Mwalimu aliongeza kwamba Wamarekani huweza kuiacha “to” baada ya “write”, lakini hakuna anayeiacha baada ya “listen”. Njia yake ya kukagua ni rahisi, na ninaitumia mpaka leo: toa “each other”, weka “him”, uone sentensi inahitaji nini.

Kisha tukafika kwenye jeraha langu. Mwalimu aliwaita wale vijana wa Saanane mbele, akawaambia kila mmoja awashe kamera ya mbele ya simu yake na kujiangalia. “They are looking at themselves.” Akazichukua simu, akawageuza uso kwa uso. “They are looking at each other.” Tofauti ni ileile iliyopo kati ya “wanajitazama” na “wanatazamana”: “ji” ya mwanzo ndiyo “themselves”, “an” ya mwisho ndiyo “each other”, na hakuna Mswahili anayezichanganya hizo mbili akiwa anaongea lugha yake. Niliposoma sentensi yangu ya mitumbwi kwa sauti, darasa liliangua kicheko, isipokuwa Baba, aliyenitetea kwa kusema kwamba mitumbwi ya siku hizi ina injini, huenda kweli ilijigonga.

Niliuliza basi kwa nini sisi tunaojua tofauti hiyo vizuri kabisa kwa Kiswahili tunaipoteza tukivuka kwenda Kiingereza. Jibu lake lilikuwa la kufikirisha. Alisema mhalifu ni msemo wetu wa “wenyewe kwa wenyewe”. Tunasema “walipigana wenyewe kwa wenyewe”, tunasikia “wenyewe”, na akili inakimbilia “themselves”, tunaishia na “They fought themselves”, ambayo kwa Mwingereza ni picha ya watu wanaojipiga makofi. Lakini hakuishia hapo, na ndipo nilipomheshimu zaidi: alisema “themselves” hiyohiyo inakuwa sahihi ikitanguliwa na “among”, kwa hiyo “They fought among themselves” ni Kiingereza safi, na ndiyo tafsiri ya karibu zaidi ya msemo wetu, kwa maana kwamba ugomvi haukuvuka mipaka ya kundi. Mwalimu wa kawaida angefuta “themselves” kwa kalamu nyekundu na kuendelea na somo.

Sentensi ya Baba nayo ilipata siku yake. Aliandika daftarini: “I want to understand each other with my grandson.” Ni tafsiri ya moja kwa moja ya “nataka kuelewana na mjukuu wangu”, na kwa Kiswahili haina dosari yoyote, maana lugha yetu inaruhusu kiima kiwe kimoja na mwenzake aje nyuma ya “na”. Juma anaweza kugombana na Ali, Asha anaweza kupendana na Hamisi, na kivuko kinaweza kupishana na kingine. Kiingereza hakikubali. Maneno “each other” hudai kiima cha wingi, kwa sababu yanataka kuona pande zote mbili zimekwishatajwa kabla yake. Baba alilazimika kumtoa mjukuu nyuma na kumleta mbele akae naye: “My grandson and I want to understand each other.” Alilalamika kidogo kwamba Kiingereza kimemtaja mjukuu kabla ya babu yake, na mwalimu akakiri kwamba katika hilo hana la kumsaidia.

Kwa mazoezi ya kipengele hicho tulitumia vivuko. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, aliyesafiri kwenda Sengerema au Geita kwa njia hiyo alivuka maji kwa kivuko, na kila mmoja wetu alikuwa na kumbukumbu ya kivuko kimoja kikienda na kingine kikirudi. “The two ferries passed each other” ni sahihi. “The ferry passed each other with another one” si sahihi. Kama unataka kubaki na kivuko kimoja kwenye kiima, acha kabisa “each other” na useme “The ferry passed another one.” Mfano huo mmoja ulitosha, na sikuona kwa nini tulipewa sentensi kumi na nane zaidi za aina ileile.

Somo la Ijumaa ya wiki hiyo lilikuwa la methali, nalo ndilo ninalowasimulia watu wakiniuliza kama darasa linafaa. Mwalimu alitupa methali tatu zenye “-ana” ndani yake, akatuambia tuzipeleke kwenye Kiingereza. Ya kwanza ilikuwa “Wapiganapo tembo, nyasi huumia”. Wote, kwa kuwa tulikuwa tumejifunza vizuri Jumatano, tuliandika “When elephants fight each other”. Akasema si kosa, lakini hamkuhitaji. Kitenzi “fight”, kikiwa na kiima cha wingi, kinabeba kutendeana ndani yake, karibu kama “pigana”. Ya pili ilikuwa “Milima haikutani, binadamu hukutana”, na hapo tena “meet” ilitosha peke yake: “Mountains do not meet, but people do.” Ya tatu, “Vikombe vya kabati moja havikosi kugongana”, ndiyo iliyotaka maneno yetu mawili pamoja na kihusishi, kwa sababu “knock” haiwezi kusimama yenyewe: “knock against each other”.

Kumbe Kiingereza nacho kina vitenzi vyenye “-ana” isiyoonekana. Mwalimu alitaja “meet”, “marry”, “quarrel”, “agree”, “kiss” na “collide”. Wawili wakisemwa “They married in 2010”, hakuna atakayeuliza kila mmoja alimwoa nani. Lakini “They love” haijakamilika, na “They greeted” inamwacha msikilizaji akingoja, jambo ambalo katika mji huu, ambako hupiti mbele ya mzee bila “mwangaluka”, salamu ya Kisukuma, kujibiwa, linaonekana kuwa uvivu wa lugha nzima. Kuna pia mtego mmoja mdogo: “They washed”, bila kitu nyuma yake, Mwingereza huielewa kuwa kila mmoja alijiosha, kwa hiyo ukitaka kusema walioshana, huna budi kuyaongeza maneno yako mawili. Orodha ya vitenzi hivi haipatikani kwa kanuni. Inapatikana kwa kusoma, na hilo nalo alilisema wazi.

Kuhusu mahali pa kukaa kwa “each other” ndani ya sentensi, alikuwa mkali bila kuchosha. Hukaa baada ya kitenzi au baada ya kihusishi; haiwi kiima. Kijana mmoja wa hoteli aliandika “Each other knows the problem”, akitaka kusema kwamba kila mmoja analijua tatizo la mwenzake. Sentensi hiyo haisimami. Inabidi maneno yatenganishwe: “Each knows the other's problem.” Mwalimu alieleza kwamba hata zamani maneno hayo mawili yalikuwa yakitengana hivyo, “each” likiwa upande wa mtenda na “other” upande wa mtendwa, kabla hayajashikamana kuwa kitu kimoja. Maelezo hayo mafupi yalinisaidia kuelewa pia kwa nini yanaandikwa kwa nafasi katikati, na si “eachother” kama nilivyokuwa nikiandika kwenye barua pepe za ofisi kwa miaka mingi bila mtu kunishtua.

Sasa lawama. Ya kwanza ni ya kijitabu. Katika ukurasa unaofundisha umiliki kimeandika “each others' nets”, si mara moja bali mara nne, na mara zote ritifaa, ile alama ya ('), imewekwa baada ya “s”. Mahali pake ni kabla: “The fishermen mended each other's nets.” Sababu yake mwalimu mwenyewe aliieleza vizuri kwa mdomo, kwamba “other” hapa ni umoja daima, hata wavuvi wakiwa mia, kwa hiyo umiliki wake ni wa umoja, na wingi unaonekana kwenye nyavu. Na sheria hiyohiyo inahusu “one another's”. Tena alituonyesha jambo zuri, kwamba Kiswahili hupata umiliki huo bila neno la umiliki kabisa: wavuvi “walishoneana nyavu”, abiria “walibebeana mizigo”, na hapo zile “e” na “an” mbili zimefanya kazi yote. Lakini mwanafunzi anarudi nyumbani na kijitabu. Sauti ya mwalimu inabaki ghorofani. Kijitabu chenyewe kinaonekana kimerudufiwa miaka na miaka kutoka kwenye nakala ileile, kiasi kwamba kurasa za mwisho zina kivuli cheusi pembeni kama ukingo wa chungu. Kusahihisha ritifaa nne kwa kalamu kabla ya kurudufu tena ni kazi ya dakika moja.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa ni ya kanuni. Tulifundishwa, kwa msisitizo na kwa rangi nyekundu, kwamba “each other” ni kwa watu wawili na “one another” ni kwa watatu na kuendelea, na kwamba atakayechanganya amekosa. Katika jaribio la wiki ya nne niliandika “The two brothers helped one another”, nikapoteza alama mbili. Sikufurahi. Nilianza kutafuta chanzo cha kanuni hiyo, nikakuta kwamba inafuatiliwa nyuma hadi kwenye sarufi iliyochapishwa na George Ussher mwaka 1785, na kwamba waandishi wazuri wa Kiingereza kabla yake na baada yake hawakuifuata. Henry Fowler, ambaye watu wa Kiingereza humheshimu kama sisi tunavyowaheshimu wazee wa sarufi yetu, aliikataa waziwazi mwaka 1926, akisema kwamba haina manufaa wala haina mizizi katika matumizi ya kihistoria. Leo mtu anaweza kusema “The two brothers helped one another” au “All the passengers helped each other”, na asiwe amevunja kitu. Tofauti inayosikika zaidi ni kwamba “one another” ina sauti ya maandishi na ya urasmi kidogo, na “each other” ndiyo inayotumika zaidi katika mazungumzo.

Nilimpelekea mwalimu hoja hiyo baada ya darasa, kwa upole, nikimwita Mwalimu kila sentensi ili asidhani nimekuja kumshindania. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema: “Hilo ninalijua, kaka. Kwenye mtihani andika kama nilivyofundisha, kwa sababu hujui nani atasahihisha. Kwenye barua zako andika upendavyo.” Ni jibu la mtu mkweli, na ni ushauri wenye busara kwa mwanafunzi wa kidato. Lakini sisi hatukuwa wanafunzi wa kidato. Tulikuwa watu wazima tuliolipa ili tujue lugha ilivyo, na ukweli huo ulipaswa kusemwa mbele ya wote thelathini na mmoja, si kwenye ngazi, saa mbili na robo usiku, kwa mmoja aliyekasirikia alama zake mbili.

Kuna mahali pamoja ambapo hata mimi ninaona “one another” ina nafasi yake, nayo ni kwenye mfuatano. Mitumbwi ya dagaa ikitoka jioni na taa zake, inafuatana. Lakini ule wa mbele haumfuati yeyote, na wa nyuma haufuatwi, kwa hiyo kutendeana kwenyewe si kamili. Kiswahili hakijali, kinasema tu “ilifuatana”. Kwa Kiingereza “The boats followed one another out of the bay” inanikalia sikioni vizuri kuliko “each other”, ingawa zote zinatumika. Hapa mwalimu alitutahadharisha tusichanganye na “one after another”, ambayo ina neno moja katikati na maana nyingine kabisa, yaani mmoja baada ya mwingine. Dereva wa bodaboda aliichanganya mara tatu mfululizo, moja baada ya nyingine, na sisi tulishindwa kuacha kucheka.

Mengine ni ya haraka. Umeme ulikatika jioni mbili na hakuna jenereta. Tulimalizia kwa mwanga wa simu. Chumba kinatosha watu ishirini, na kwa idadi yetu kila mtu alipata nafasi ya kuongea labda dakika tatu kwa jioni, jambo linalowaumiza zaidi wahudumu wa hoteli, ambao hawakuja kuandika bali kuzungumza. Madirisha yanatazama barabara, na honi za daladala huingia bila kubisha hodi. Mwalimu hakukosa hata siku moja wala hakuchelewa. Nimejaribu pia programu moja ya simu ya kujifunzia Kiingereza, nayo ilinipa sentensi zenye pengo na kunipongeza kwa nyota kila nilipojaza “each other”, lakini haikuniambia kamwe kwamba “themselves” niliyoijaza jana ilikuwa imebadilisha habari nzima. Haikujua kwamba mimi ninatoka kwenye lugha yenye “-ana”, na haikuwa na namna ya kujua.

Anayeandika ripoti, barua za wateja au maelezo ya safari kwa Kiingereza atapata thamani ya fedha yake, hasa akiingia wiki ya tatu na nguvu zake zote. Anayetaka mazungumzo ya mapokezi na simu asubiri mpaka wapunguze idadi. Akae benchi la pili upande wa ukuta, mbali na dirisha, na aende na kalamu nyekundu yake kwa ajili ya zile ritifaa nne.

Mwezi uliopita mitumbwi miwili mingine iligongana, safari hii upande wa Igombe, katika giza na mvua. Nilikaa mbele ya kompyuta nikiwa tayari na maneno yangu mawili, nikaandika “hit each other”, nikaitazama, nikaifuta. Niliandika “The two boats collided”, nikaongeza saa na mahali, nikaituma. Jibu lilikuja siku hiyohiyo. Waliuliza namba za injini tu.